Mnara wa Mbao

Mwadini alianza kwenda kwenye ngome mwaka ule aliofiwa na mkewe. Alishastaafu ukarani, na nyumba yake ya Walthamstow, mtaa mmoja wa London, ilikuwa kimya mno, hata akawa anaacha redio ikiongea peke yake jikoni. Siku moja aliona tangazo maktaba: wanatafutwa watu wa kujitolea kuijenga upya ngome ya Wanormani, pembezoni mwa London.

Wanormani waliijenga kwa magogo, juu ya kilima cha udongo, walipoiteka Uingereza karibu miaka elfu iliyopita. Baadaye wakaijenga kwa mawe. Ilipohamwa, wenyeji wakayachukua mawe yale wakajengea nyumba zao, kikabaki kilima na majani. Sasa watu walitaka kuurudisha mnara wa mbao na boma lake.

Mwadini alipangwa kufanya kazi na Balwinder, seremala mzaliwa wa Nakuru. Kila Jumanne walishinda wakipiga misumari na kuzungumza Kiswahili, yeye cha Pemba, mwenzake cha Kenya, wakicheka kila mmoja anavyosema. Jioni Mwadini alirudi nyumbani sauti imemkauka.

Kiangazi kilichofuata mnara ukakamilika. Balwinder alikuwa akipakia vyombo vyake kwenye gari.

"Kumbe ndo tushamaliza," Mwadini alisema.

"Tumemaliza, bwana. Mwezi ujao naenda kukaa na kijana yangu Canada."

"Lakini hawa Wanormani si waliijenga tena kwa mawe?"

Balwinder akacheka. "Walingoja miaka mia. Wewe utangoja?"

Mwadini naye akacheka, kisha akainama kufunika kopo la chokaa ambalo lilishafunikwa.

Jumanne iliyofuata alivaa viatu vya kazi, akapanda basi. Ngome ilishafunguliwa kwa wageni, na msichana wa langoni hakumjua. Akakata tiketi kama wageni wengine. Juu ya mnara mwongozaji alikuwa akiwasimulia watalii habari za Wanormani. Mwadini alisikiliza mpaka mwisho, nyuma ya wote, kisha akampigia binti yake, Miska.

Miska alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba yuko mkutanoni. Kuna tatizo?

"Hakuna, mwanangu. Nilitaka kukusalimu tu."

Alishuka pole pole, akakaa kituoni. Basi la Walthamstow lilipofika, aliliacha lipite.