Choo cha Kabatini

Choo kilikuwa ndani ya kabati. Siongezi chumvi. Binti yangu Buthaina alifungua mlango ambao mimi nilidhani ni wa kutundikia nguo, na humo ndani kimekaa kiti cheupe cha plastiki, na mbele yake nafasi ya kuweka magoti, kama una magoti ya mtoto.

"Kila kitu kimo, mama," akasema kwa furaha. "Huna haja ya kutoka nje hata mara moja."

"Na hayo yanayoingia humo yanakwenda wapi? Hapa hapana shimo. Hii gari."

Akanieleza. Chini ya kiti pana sanduku. Upande wa nje wa gari pana kijilango, na sanduku likijaa Wael hulivuta, akalibeba kwa mkono wake, akaenda kulimwaga. Jina la Wael alilitaja kwa wepesi, kama anataja bomba. Wael ni mume wake. Kwangu mimi ni mkwe.

Asiye na mkwe hatanielewa, kwa hiyo nieleze. Wazee wetu walipotoka Unguja kuja Maskati walikuja na adabu zao zote, na moja ni kwamba mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kutokuonana sana hata wakikaa chumba kimoja. Wael akija kwangu Ruwi, sipigi miayo mbele yake, sisemi tumbo linaniuma, sili mpaka nikashiba. Kwa Wael mimi sina tumbo kabisa. Ni mtu wa kuanzia shingoni kwenda juu. Leo mtu huyu alishike sanduku langu mkononi, aujue na uzito wake? Niliufunga ule mlango, na hapo hapo nikanuia kwamba sitaingia humo. Tulikuwa tunalala usiku mmoja tu. Nisipokunywa kitu, nikasema, nitafika kesho salama.

Lile gari lilikuwa nyumba nzima juu ya magurudumu, na jiko na vitanda. Wenyewe wanaliita karavani. Wael alilinunua likiwa limechoka, akalitengeneza kwa mikono yake kila siku ya mapumziko. Sasa alitaka kwenda nalo kwenye mkutano wa wenye makaravani, pwani ya Yiti, na alitaka twende sote. "Bila ya mama hatwendi," alimwambia mke wake, nami nikasikia raha, sikatai.

Jambo moja zaidi, maana bila ya hilo mtaniona mimi ni mbaya tu. Buthaina aliwahi kuolewa kabla. Yule bwana wa kwanza alikuwa na tabia ya kutoka nje na simu. Simu ikilia anatoka, isipolia anatoka, mpaka siku tulipopata habari kwamba ana mke mwengine Sohar na watoto juu. Binti yangu alirudi kwangu akawa hali, halali, anakaa dirishani kama mgonjwa. Wael ndiye aliyemrudishia kicheko. Basi mimi mwanamume akitoka nje na simu, moyo wangu hauulizi maswali, unajibu wenyewe.

Tuliondoka Ijumaa baada ya sala. Tukapita Bustan, tukapanda mlima, tukashuka, na sufuria zinagongana kabatini. Wael aliendesha kama aliyebeba mayai. Hata hivyo kila tuta lilinipitia mimi mwilini, na maji sijayagusa tangu asubuhi, na ugonjwa wangu wa sukari haujali nadhiri ya mtu.

Yiti tuliyakuta makaravani yamejipanga mchangani, kila moja limetandika mikeka mbele ya mlango. Wanaume walikuwa wanapanda juu ya magari ya wenzao kuangalia mitambo ya umeme wa jua. Wanawake walikuwa wanatembeleana garini kama watu wanaokwenda kuangalia chumba cha bibi harusi, wanafungua makabati, wanabonyeza magodoro. Na kila mwenye gari alitaka kuonyesha choo chake. Jawaher, mke wa Loai ambaye ndiye mkubwa wa kundi lile, alinifungulia chake akasema hiki kina feni. Nikakisifu. Siku ile nilisifu vyoo kuliko ninavyosifu watoto wa watu.

Kisha tukakaa kwenye mikeka, wanawake huku na wanaume kule, karibu kiasi cha kupitishiana sinia. Jawaher akaja na birika. Nikaufunika mdomo wa kikombe kwa kiganja. Akaja tena, nikafunika tena.

"Bi Masouda, kahawa yetu ina nini?"

"Haina neno, bibi. Nshakunywa nyumbani."

Alirudi na birika lake na uso umembadilika. Najua nilichokifanya. Kukataa kahawa ya mtu aliyekupokea ni kumtukana bila kufungua kinywa. Tikiti nalo nikalikataa. Nilikaa na kiu, midomo imenikauka, na tumbo la chini linanisukuma kana kwamba nimekunywa kisima.

Na Wael akaanza kutoka.

Mara ya kwanza alimwambia Buthaina, "Hebu nenda kwa Jawaher ukamsaidie vyombo." Alipokwisha kwenda, Wael akanigeukia mimi niliyekuwa nimerudi kukaa kitini ndani ya gari, akasema kwa sauti kubwa, "Mimi natoka kidogo, mama. Ntachelewa." Akaiweka simu sikioni, akashika njia ya kijijini. Nikabaki peke yangu nikimwangalia dirishani mpaka akapotea. Baada ya muda, vile vile. Buthaina akatumwa barafu, na yeye na simu yake, "Ntachelewa, mama." Baada ya alasiri, tena. Hata hakuona haya kunitangazia. Nikasema huyu amezidi hata yule wa Sohar. Yule alikuwa anajificha, huyu anamwondosha mke wake njiani, anamuaga mama mkwe, ndio anakwenda kuzungumza na mtu wake.

Hasira ilinipanda, na sitasema ilikuwa ya Wael peke yake. Mtu aliyejibana mchana kutwa hana subira. Aliporudi ile mara ya tatu tulikuwa tumeshakaa tena mikekani, na Buthaina anapitisha sambusa. Wael akasalimia, akakaa na wanaume wenzake. Nikasema, kwa sauti ya kufika kule:

"Wael baba, huyo wa kwenye simu hajambo?"

Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni utani wa wakwe. Yeye hakucheka.

"Nilikuwa msikitini, mama."

"Msikitini. Alasiri tumeshasali, magharibi bado. Hiyo sala ya katikati inaitwaje?"

Loai alikuwa na kikombe mkononi, akakitazama. Wael alinitazama mara moja, akafungua kinywa, akakifunga. Masikio yake yalikuwa mekundu. Nami nikaona: amekosa la kusema, basi ni kweli. Buthaina aliliweka sinia chini taratibu, akaingia garini, na nikasikia komeo linalia. Wael akaenda mlangoni, akagonga, akaita jina lake. Hakufunguliwa. Akasimama pale mbele ya wenzake wote, halafu akageuka akaondoka kwa njia ile ile ya kijijini.

Nilidhani nitaona nimeshinda. Sikupata nafasi ya kuona chochote, maana mwili wangu ulinitangazia kwamba sasa yamekwisha. Gari letu limefungwa kwa ndani. Choo cha Jawaher kina feni, lakini kinamwagwa na Loai, na simjui Loai kiasi cha kumpa kazi hiyo. Nikamnong'oneza Jawaher kama kuna mahali pengine. Akanyoosha kidole. "Msikiti ule wa ukingoni mwa kijiji. Nyuma kuna vyoo, na vya wanawake vipo."

Nilikwenda na bakora yangu kwa mwendo ambao sijawahi kwenda tangu nilipokuwa msichana. Nilifika. Raha ile siielezi, nimemshukuru Mola wangu na yatosha.

Nilipotoka, nikipangusa mikono kwa ncha ya mtandio, na upande wa wanaume mtu anatoka, mikono ya kanzu ameikunja, maji yanamdondoka viwikoni. Ni Wael. Tukasimama. Hapakuwa na pa kupita isipokuwa pale pale.

"Mama," akasema, na macho chini.

"Wael." Kisha, kwa kuwa ulimi wangu haujui kunyamaza, "Wewe unafuata nini huku, na nyumba yako ina choo?"

"Mama, hata kabla Buthaina hajafunga mlango, ule ukuta ni kibao. Wewe umekaa hapo kwenye kiti. Mimi ntaingiaje?"

"Kwa hiyo safari zote zile..."

"Moja ilikuwa yangu. Nyengine zilikuwa zako."

Sikumfahamu. Akaanza kunieleza, anaongea na viatu vyake. Aliona tangu asubuhi sinywi. Aliona tukipita kwenye tuta ninavyoshika kiti. Akajua, maana mama yake mwenyewe ni vile vile. Akasema moyoni, nikitoka mimi na Buthaina akatoka, gari litabaki la mama, ataingia kwa nafasi yake. Ndiyo maana akasema kwa sauti kwamba atachelewa, nisije nikawa na wasiwasi wa kukutwa. Alikuwa anakaa kwenye kibaraza cha msikiti, anangoja.

"Na simu?"

"Haina mtu, mama. Nilikuwa sijui nishike nini mkononi."

Mwenyezi Mungu anajua nimeona aibu nyingi katika umri huu, lakini kama hiyo bado. Kijana wa watu alinipa sitara, mimi nikaichukua sitara hiyo hiyo nikamvua nguo nayo.

"Kwa nini hukusema pale mbele ya watu?"

"Ningesema nini? Kwamba mama mkwe wangu hajenda choo?" Akatikisa kichwa. "Yaishe hapa hapa, mama. Nakuomba. Buthaina ntazungumza naye mwenyewe."

"Utamwambia nini?"

"Sijui bado."

Tulirudi, yeye mbele kidogo, mimi nyuma, na kila mchanga ulipokuwa mbaya alisimama bila kugeuka mpaka anisikie nimepita. Adhana ya magharibi ikatukuta njiani. Nilitamani anigombeze. Angenigombeza ningepata la kumjibu.

Baada ya sala watu walirudi mikekani, lakini mazungumzo hayakuwa na ladha. Niliwasikia wanazungumza habari za matairi kwa sauti ya watu waliotoka kuzungumza jingine. Mlango wetu bado umefungwa. Wael alikaa ukingoni mwa mikeka, peke yake, na wale waliompandia gari lake mchana kulisifu sasa walikuwa na shughuli kwengine. Aliniomba nisiseme. Lakini maneno yangu nimeyasema mbele ya watu wote, na watu hao kesho wanarudi majumbani, kila mmoja na mkewe, na kila mke na dada zake. Kumsafisha kwa kunong'ona kusingefika huko.

Nikasimama na bakora yangu.

"Jamaa, nisikilizeni. Mimi tangu asubuhi sijaingia choo cha gari ile, kwa kumuonea haya mkwe wangu. Ndio maana Jawaher nilikukatalia kahawa, unisamehe. Wael aliligundua hilo. Akawa anatoka aniachie nafasi. Hakuwa na simu ya mtu. Mimi nikamlipa kwa kumvunjia heshima mbele yenu. Uwongo ni wangu, na aibu ni yangu."

La yeye mwenyewe kwenda choo cha msikitini sikulisema. Hilo alikuwa ameniomba, na angalau hilo nilimhifadhia.

Hakuna aliyecheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nikaenda mpaka mlangoni nikagonga kwa kichwa cha bakora.

"Buthaina, fungua. Mumeo hana mtu. Ana mama mkwe mpumbavu tu."

Komeo likalia. Binti yangu alikuwa na macho yaliyovimba. Alikuwa amesikia yote. Hakunitazama mimi. Alimtazama mume wake kule ukingoni, na Wael akainuka.

Nikarudi mkekani nikamwambia Jawaher, "Nimiminie." Akamimina. Nikanywa, nikampa kikombe, akamimina tena, na mimi sikukitikisa kusema basi mpaka birika likawa jepesi. Kahawa ilikuwa tamu. Wael alikuwa amekaa na mke wake mlangoni, na hawasemezani, lakini wamekaa.

Na kahawa ni kahawa. Haikuchukua muda.

Nikainuka mbele ya wote wale, nikasema, "Wael, mwanangu. Njoo unionyeshe hiki choo chako kinafunguliwaje."

Akaja. Alinionyesha pa kubonyeza na pa kuvuta, haraka, anatazama dari. Ukutani, usawa wa mkono wangu, palikuwa na chuma cha kushikia, kipya, na mimi nikitazama vile vyoo vyote mchana sikukiona kimoja kama hicho. Sikumuuliza alikitia lini wala kwa ajili ya nani. Akatoka, akamchukua na Buthaina.

Nikaketi. Kibao kilikuwa chembamba kweli. Nilimsikia Loai anavyokohoa, nikasikia vikombe vinawekwa, nikasikia mtu anavuta mkeka. Na kama mimi nawasikia wao, basi na wao. Sikuweza. Nilikaa pale nimeshika kile chuma, nimeona haya mpaka machozi yananitoka.

Halafu nikasikia mlango wa dereva unafunguliwa. Injini ikawaka. Wael akaikanyaga, ikanguruma gari zima likatetemeka, makabati na sufuria zake.

"Mnaondoka?" Loai akauliza kwa kelele kutoka nje.

"Hapana," Wael akamjibu. "Nachaji betri kidogo tu. Ntachelewa."