Barua ya Kuisifu Kalamu

Kiwanda cha kalamu cha Boston kilimwomba mwandishi maarufu Ambrose Tuttle barua ya kusifu kalamu yao, waichape gazetini. Kwa siku nne Ambrose hakutulia. Aliandika kwa penseli, akachana, akazunguka meza, akamfuata mkewe Lavinia jikoni kumuuliza kama neno "laini" linatosha.

"We mwanamume, ni kalamu tu!" Lavinia akafoka. "Na riwaya yako je?"

"Ingoje! Hili ni jina langu."

Kalamu yenyewe waliyomtumia aliishika mara moja tu, kuitia barua saini kabla ya kuituma.

Jumapili akalipekua gazeti. Ukurasa mzima ulikuwa picha ya uso wake wenye masharubu mazito, na saini yake. Barua haikuwamo, hata neno moja.

Lavinia akachungulia. "Pole, mume wangu. Kumbe walitaka masharubu."