Kigae cha Sebuleni

Goti la kulia la Fundi lilikuwa limekwisha kama soli ya kiatu cha mtembeza bidhaa. Miaka ishirini na miwili alitandika vigae kwenye nyumba za watu, na ujanani aliona pedi za magoti ni za waoga. Sasa gegedu, lile tabaka laini linalozuia mfupa usisage mfupa, lilikuwa limetoboka, na mfupa wenyewe ukaanza kulika shimo.

Sisi majirani tulilijua goti lile kuliko magoti yetu. Tulijua madaktari walimchokoa kipande cha gegedu kama punje ya dengu, wakakikuza maabara wiki tano mpaka kikazaana juu ya kijisponji, kisha wakakirudisha gotini kama kiraka. Shemeji yake ndiye aliyetusimulia. Shemeji, mdogo wa mke wa Fundi, ndiye aliyemsindikiza hospitali na kukaa naye chumbani kwa daktari. Ndiye pia aliyemshikia kazi: hoteli ya ghorofa nne, vyoo thelathini na sita.

Daktari, mama mmoja asiyependa kurudia neno, aliwaambia wote wawili:

"Wiki sita mguu huu usiguse chini. Kupiga magoti, mwaka mzima usahau. Kiraka hakijashika. Na kikibanduka hutasikia kitu, maana gegedu halina hisia, halitakulilia. Sina kingine cha kukupa. Pa kuchokoa tena hapapo."

Shemeji alitikisa kichwa kukubali kuliko hata mgonjwa.

Wiki ya nne msimamizi wa hoteli akampigia Fundi simu. Ukumbi wa mapokezi hataki auguse mtu mwingine, alisema. Fundi akishaweza kusimama tu, aje kuwaongoza mafundi wote, hata akiwa kitini. Mafundi wote, maana yake na Shemeji. Fundi alitusimulia habari hiyo kwa furaha, na Shemeji akampa mkono wa pongezi, akaushika muda mrefu.

Jumapili iliyofuata nyumba ilijaa. Tuliokosa viti tulikaa mikononi mwa makochi. Fundi alikuwa kati, mguu juu ya stuli, magongo pembeni.

"Mchicha, hujambo?" Shemeji aliuliza mlangoni. Jina hilo alimpa siku ile kipande chake kilipopandwa maabara, kama mboga. "Jamani, leo mmemmwagilia?"

Tulicheka.

"Cheka tu, shemeji," Fundi akasema. "Utani ni haki yako."

"Kikombe namletea mimi, sahani mimi, bafuni mimi," mkewe akadakia, chupa ya chai mkononi. "Sijui niliolewa au niliajiriwa."

Hapo tulicheka zaidi, na Fundi naye akacheka, ila aliangalia kikombe chake.

Karibu na mlango palikuwa na kigae kilichopasuka, kinachogonga kila mtu anapokikanyaga. Fundi wa watu, sebuleni kwake kigae kinacheza. Shemeji alikuwa amekuja na kigae kipya, ndoo ya gundi na nyundo ya mpira.

"Leo nampunguzia mgonjwa aibu," akasema.

Aling'oa kile cha zamani, akabandika madonge manne ya gundi, moja kila pembe, katikati akaacha utupu. Akaweka kigae. Akagonga. Kikalia kama kibuyu.

"Hicho kina hewa chini," Fundi akasema.

"Kimekukumbuka tu."

"Kitoe. Paka gundi kote, halafu uchane kwa mwiko wa meno. Nilikufundisha hivyo?"

Shemeji akagonga tena, polepole. Hakukiangalia kigae. Alimwangalia Fundi.

"Hotelini ndivyo ninavyovitandika, vyote. Wakiniuliza, nasema ni mkono wa shemeji yangu. Na ile pembe ya huko, unaionaje? Imenyanyuka kidogo, au ni macho yangu?"

Ilikuwa imenyanyuka. Hata mimi niliiona. Matusi Fundi aliweza kuyameza, maneno ya mkewe aliweza kuyasamehe, lakini pembe ile ilimwasha kama upupu. Akashusha mguu kutoka kwenye stuli. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye kuliko wote. Nilivuta miguu yangu ndani ili apite.

Alipiga magoti, yote mawili. Akakibandua kigae, akakwangua, akapaka, akachana mistari, akakilaza na kukigonga kutoka katikati kwenda nje. Sauti ikatoka nzito, imejaa. Tulimpigia makofi.

"Linauma?" mkewe akauliza.

"Hata chembe." Fundi alikuwa anatabasamu. "Wallahi, hata chembe."

"Si niliwaambia?" Shemeji akamwinua kwa kwapa. "Anadeka huyu."

Siku ya tatu goti lilivimba kama papai. Daktari aliingiza mrija mwembamba, akatoa kitu cheupe kilichojikunja pembeni kama ute wa yai la kuchemsha, akakitia kwenye kichupa na kumkabidhi Fundi.

"Hiki ndicho kiraka. Ulipiga magoti," akasema.

Fundi alimgeukia Shemeji.

"Nilimkataza, daktari," Shemeji akasema kwa upole. "Lakini mtu mzima utamfunga kamba?"

Fundi aliangalia kichupa. Aseme nini? Kwamba alishindwa na kigae?

"Kilichobaki ni goti la chuma," daktari akasema. "Nalo kupiga magoti juu yake kutwa nzima haiwezekani. Tafuta kazi nyingine."

Ukumbi wa hoteli aliutandika Shemeji. Asubuhi ya kuanza alipita kuchukua pedi za magoti za Fundi, zile mpya alizonunuliwa na mkewe.

"Wewe huna haja nazo tena. Na kile kichupa, shemeji, niazime. Watu kazini hawaamini kwamba mchicha wako ulikuwa mweupe."

Mkewe ndiye aliyekwenda kukitoa kabatini.

Sisi Jumapili bado twaenda, chai ipo. Fundi hukaa palepale, magongo pembeni. Kigae cha mlangoni hakijalia tena. Shemeji kila akiingia hukikanyaga kwa kisigino, mara mbili, na kusikiliza.

"Kazi safi, Mchicha," husema. Nasi hucheka.