Miche Yenye Kiu Majini

Miche yangu ya matikiti ilikuwa inakufa kwa kiu huku imesimama majini. Majani yalilegea kama masikio ya punda mgonjwa, na chini yake udongo umelowa chepechepe. Mbegu zilikuwa za marehemu mama, za tikiti la ganda la kijivu ambalo upande wetu huu wa mto Amu hakuna mwingine aliyekuwa nalo tena. Nilikuwa nimezipanda zote.

“Umeinywesha maji ya mtaroni?” aliuliza jirani yangu Saparbai, ameegemea jembe.

“Mfereji umekauka. Ulitaka niinyweshe chai?”

“Chai ingekuwa na nafuu, bwana mkubwa! Kila majira ya baridi tunafurikisha mashamba, tunayaosha chumvi, inateremka mtaroni. Wewe umeichota ukairudisha.”

“Nimeyaonja. Supu ya mkeo ina chumvi zaidi.”

Alicheka akaenda zake, lakini swali lilining’ang’ania kichwani. Maji ni maji. Kwa nini mzizi uyakatae?

Nyumbani mke wangu Tajigul alikuwa amekatakata figili na kuzinyunyizia chumvi. Asubuhi bakuli lilikuwa kavu. Sasa vipande vilikuwa vinaogelea.

“Umetia maji?”

“Maji ya nini? Chumvi imeyatoa humohumo ndani. Unakula figili hizi tangu unioe, leo ndiyo unauliza?”

Nilikunja kipande kimoja. Hakikuvunjika, kilipinda kama ngozi mbichi. Nikakumbuka shule, kabla sijaiacha. Mwalimu alituchungulisha utando wa kitunguu kwenye hadubini: vyumba vidogo vimepangwa kama matofali. Seli, alisema. Sikumwuliza vyumba visivyo na milango vinapataje maji. Sasa nilikuwa najiuliza mwenyewe, mbele ya bakuli. Labda ukuta wenyewe unapitisha maji na kuizuia chumvi, na maji hukimbilia palipo na chumvi nyingi zaidi. Kama ni hivyo, mizizi yangu haikuwa inakunywa. Ilikuwa inanywewa.

Niling’oa mche mmoja, nikausimamisha katika kikombe cha maji ya kunywa. Tulikuwa tukipita na kuuchungulia kama mgonjwa. Alasiri jani moja liliinuka.

“Hebu njoo uone, baba Bibinaz!” Tajigul alichuchumaa, pua karibu na kikombe. Kisha akageukia tangi letu la uani. “Tangini maji yapo.”

“Ya kunywa hayo. Lori la maji halijulikani litarudi lini.”

“Najua. Nimekwambia yapo.”

Kuosha chumvi hakutaki kikombe, kunataka mafuriko. Tuliweza safu moja tu, ile iliyo karibu na nyumba. Saparbai alikuja na ndoo zake bila kuitwa, akinitukana kwenda na kurudi.

Safu kumi na tisa zilikauka. Tangi liliisha, tukanywa maji ya kisima ya chumvichumvi, yakatuumiza matumbo mpaka lori liliporudi. Mbuzi wetu wa pekee aliyekuwa akinyonyesha alikauka maziwa, na mtoto wake akafa. Matikiti tuliyovuna yalikuwa sita, ya ganda la kijivu, yamejaa mbegu.