Pipa la Kwanza la Noeline na Shemeji Yake

Siku ya kufungua kiwanda, Noeline Direen hakutulia hata kidogo. Alipanga viti, akavipangua. Alifuta glasi zilizokwisha kufutwa. Alitoka kutazama barabara ya Bothwell, akarudi, akatoka tena, mpaka dada yake Maureen akamwambia akae chini kabla hajawachosha hata kondoo wa jirani. Angekaaje? Adhuhuri wageni wangefika na pipa la kwanza la wiski lingefunguliwa mbele yao, naye alijua kwamba pipa lile halikuwa limejaa kama lilivyopaswa. Aliyelipunguza alikuwa yeye.

Mambo yalianza kwa starehe tu. Yeye na shemeji yake Clyde, mume wa Maureen, walikuwa na Ijumaa zao katika banda la kukatia kondoo manyoya. Kila mmoja alileta chupa ya wiski iliyofichwa ndani ya soksi ya kuchezea mpira, mwenzake akaonja na kukisia imetoka wapi. Walibishana mpaka pai zikapoa. Noeline akisema inanukia asali, Clyde anasema inanuka mbwa aliyenyeshewa, na ajabu ni kwamba baada ya kubishana ndipo walipoipata ladha yenyewe. Maureen, ambaye hagusi pombe, aliwaita walevi wenye vyeti.

Kisha wakataka kupika yao. Clyde akauza kondoo wake wote, Noeline akaacha kuendesha basi la shule, wakapata leseni na mtungi wa shaba wa kupikia pombe, na lile banda likawa kampuni. Sheria ilitaka wiski ikae miaka miwili ndani ya mbao, nao hawakutaka kungoja zaidi ya hapo, kwa hiyo wakachagua mapipa madogo, ambayo huivisha haraka. Wapishi wengi wa kisiwa chao cha Tasmania wasio na subira hufanya hivyo hivyo. Lakini kampuni ina mambo. Ijumaa ikawa siku ya kuzungumzia lebo, mabomba na kodi. Baadaye hata hiyo ikafa, wakawa wanapigiana simu tu, nao wanaishi uzio kwa uzio.

Hapo ndipo Noeline alipoanza kuingia bandani peke yake. Aling'oa kizibo, akachovya ule mrija wa shaba ambao watu wa kazi hiyo huuita mwizi, akajitilia kidogo. Napima tu, alijiambia. Alionja, akaiona tamu, akaondoka, na haikupita siku moyo ukamuwasha tena. Mtu mzima na akili zake, akawa kama paka wa jikoni. Wiski hupungua yenyewe kwa kupenya mbao, na wapishi husema hilo ni fungu la malaika, lakini Noeline alijua kwamba malaika hawakunywa kiasi kile.

Kabla wageni hawajafika, Clyde akaligonga pipa kwa vidole. Likalia kitupu. Akalitikisa, na uso ukamshuka.

"Malaika wa hapa wana kiu," akasema bila kumtazama mtu.

"Na wanavaa mabuti," Maureen akajibu. "Maana kila siku kuna mtu ananiachia matope hapo chini."

Clyde akaanza kusema haraka haraka kwamba si neno, watachota kwenye pipa la pili wajazie. Halijatimiza umri, lakini nani atajua? Mnunuzi wa hoteli moja ya mjini Hobart ameahidiwa pipa la kwanza, basi atapewa pipa la kwanza. Noeline akinyamaza, jina lao lingeanza kwa uongo. Akisema, huyu aliyeuza kondoo wake wote angemwonaje?

"Shemeji, usijazie," akasema. "Ni mimi. Nimekuwa nainywa kwa siri, kama mtoto anayelamba sukari."

Clyde alimtazama mdomo wazi. Noeline alingoja matusi, na angeyapokea yote.

"Wewe pia?" Clyde akasema.

"Pia na nani?"

"Na mimi, shemeji. Nilidhani niko peke yangu."

Maureen akasema kumbe hana mume wala dada, ana panya wawili.

"Ulikuwa unapima?" Noeline akauliza.

"Nipime nini? Ijumaa ikifika, miguu inanileta yenyewe. Nikikuta hamna mtu, najitilia."

Miaka miwili Noeline alikuwa amemkosa mtu huyu, na mtu mwenyewe alikuwa akija bandani mule mule na kukalia kiti kile kile. Akavuta viti, akachovya mwizi, akajaza glasi mbili. Nje magari yalikuwa yameanza kuegeshwa. Wakanusa, wakaonja. Clyde akazungusha ulimi na kukunja uso.

"Sema wewe," akasema.

"Ubao. Kama nalamba mlango."

"Mlango wenyewe wa choo cha nje."

Ilikuwa kweli. Pipa dogo lilikwisha kuiharibu wiski yao kwa kuitia ladha ya mbao kupita kiasi, pengine tangu mwaka uliopita, na kila mmoja aliinywa peke yake akaiita tamu kwa sababu hakuwepo wa kumbishia. Noeline alitaka kulia. Maureen akauliza kwa sauti ya chini awaambie nini wageni.

"Waambie limeharibika," Noeline akasema. "Na walioliharibu tumo humu ndani."

Maureen akatoka. Baada ya muda wakasikia gari likigeuka juu ya kokoto, na kupitia mlangoni wakaona ni lile la mnunuzi wa hoteli. Clyde alilisikiliza mpaka likapotelea barabarani. Kisha akainuka, akasuuza glasi zote mbili, akarudi kuketi.

"Sasa tuonje la pili, shemeji," akasema. "Na likiwa baya, useme baya."