Sahani za Fundi Mabruki

Fundi Mabruki wa Chemchem alikuwa akiziba ndoo asubuhi na ndoa alasiri. Ndoo alizibia barazani kwake, kwa nyundo na risasi ya kuyeyusha. Ndoa alizibia katika ofisi ya kata, ambako wazee wa usuluhishi walikaa kila Alhamisi, na yeye akiwa mmoja wao. Kwa ndoo alilipwa. Kwa ndoa alisifiwa, na wako wanaume ambao sifa huwashibisha kuliko ugali.

Dawa yake ilikuwa moja tu. Wakija mume na mke waliochokana, Mabruki aliwasikiliza amefumba macho kama anayeonja mchuzi, halafu akachomoa kikapuni sahani pana ya bati, aliyoifua mwenyewe kwa madebe ya mafuta, ukingo wake umekunjwa vizuri kama pindo la kanzu.

"Nendeni mkale sahani moja mwezi mzima," alisema. "Mkiona bado hamwezani, nirudishieni sahani yangu, tuandike talaka."

Sahani hazikurudi. Kila isiyorudi aliihesabu kuwa ndoa imepona, na pale sokoni aliwaambia watu kwamba nusu ya Tabora inakula kwenye bati lake.

Wanawake waliohitaji kupoa kwanza aliwapeleka nyumbani kwake, yaani kwa mkewe Kuluthumu. Ni Kuluthumu aliyewapikia, akawatandikia mkeka, akawakanda uvimbe kwa maji ya moto, na asubuhi akawafungia sahani kwenye kanga warudi nayo kwa waume zao. Mabruki uvimbe hakuuona. Yeye aliona sahani ikitoka mlangoni.

Basi mwaka ule wa watu kuhamia vijijini, Kuluthumu naye akasema anataka kuachwa. Alisema huku anapepeta mchele, kwa sauti ya mtu anayeomba kupishwa njiani.

"Baba Mussa, niache."

"Nikuache uende wapi?"

"Itetemia, kwa kaka Abasi. Kuna kijiji kipya, wanagawa mashamba. Mwenyekiti wao kasema mwanamke mwenye mume aje na mume, asiye naye aje na jembe. Shamba langu wananishikia mpaka mvua ya kwanza. Ikinyesha sijaandikwa, anapewa mwingine."

"Yaani unataka jembe kuliko mume?"

"Jembe nikiliweka chini linanyamaza."

Mabruki akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, aibu ikamwanzia masikioni. Haikuwa bado aibu ya kuachwa. Ilikuwa aibu ya kuonekana. Kesho sokoni watasema nini? Watasema mwosha naye kaoshwa, tena kwa maji ya baridi.

Kuluthumu hakungoja jibu. Alijitanda kanga yake, akaenda kwa Mzee Twalibu, mwenyekiti wa wasuluhishi, akaandikisha shauri.

Sasa, kuchelewesha talaka nako ni ufundi, na katika mji mzima hakukuwa na fundi wa kumshinda Mabruki. Alikuwa amewaona wanaume wengi wakiufanya mbele yake, naye akiwasaidia kwa kunyamaza. Alhamisi ya kwanza aliumwa jino. Alijifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, akaketi barazani akigumia ili wapita njia wamwone. Bi Mwanajuma, mama mtu mzima aliyekuwa msuluhishi mwenziwe, akapita makusudi.

"Jino gani tena, Fundi? Upande huo si uliumaliza kabla ya uhuru?"

"Ni fizi, Bi Mwanajuma."

"Haya, pole na fizi. Fizi za mwezi huu zina maneno."

Alhamisi ya pili alifiwa na jamaa huko Usinge, akapanda treni. Akarudi Jumamosi na asali, akawapelekea wasuluhishi wote nyumba kwa nyumba.

"Marehemu alikuwa mrina asali?" Bi Mwanajuma akamuuliza, kidole kimo kwenye chupa.

"Alikuwa."

"Mungu amrehemu. Wafiwa wa Usinge wakarimu kweli."

Alhamisi ya tatu alitaka Mussa aitwe kwanza. Mussa alikuwa mwanawe, mfanyakazi wa reli kule Kigoma, na likizo yake ilikuwa mbali. Kuluthumu hakugombana. Kila jioni alisimama uani akitazama mawingu upande wa mashariki, kisha akaingia ndani kupakua. Mabruki naye aliyatazama mawingu yaleyale, akiyaombea yafanye haraka. Lakini hakufurahi. Siku hizi alikwenda msikitini kwa njia ya uchochoroni, na wateja waliomletea ndoo walimpa ndoo huku wanachungulia nyuma yake, kumtafuta Kuluthumu kwa macho.

Mwisho Mzee Twalibu akatuma salamu: kama Fundi bado mgonjwa, wasuluhishi watakuja wamkalie shauri palepale barazani kwake, na majirani wasikie. Alhamisi hiyo Mabruki alipona.

Ofisini aliketi upande ambao hajawahi kuketi. Mzee Twalibu hakumtazama usoni. Aliivua kofia yake, akaikagua mshono kwa mshono kama anataka kuinunua.

"Bi Kuluthumu," akasema, "tuambie. Mwenzio hakulishi?"

"Ananilisha."

"Anakupiga?"

"Hajanipiga."

"Basi kosa lake nini, mama?"

"Nimechoka kuwarudisha wanawake."

"Kuwarudisha wapi?"

"Fundi anajua."

Wote wakamgeukia. "Sijui," Mabruki akasema, na kweli alidhani hajui. Halafu wazo likamjia, tamu kama ile asali ya Usinge. Mwezi mmoja. Mvua ingetangulia mwezi, na mvua ikitangulia, shamba limekwenda. "Wazee wenzangu," akasema, ameinamisha kichwa wasione midomo yake, "dawa niliyowapa watu na mimi niinywe. Tupeni mwezi wa sahani moja."

Mzee Twalibu akashusha pumzi kwa kupata pa kutokea, akairudisha kofia kichwani. Bi Mwanajuma alitazama dirishani, na siku hiyo hakuwa na la kuchekesha.

"Nitaifua leo hii," Mabruki akamwambia mkewe wakitoka.

"Usijisumbue," Kuluthumu akasema. "Ipo."

Jua lilikuwa halijazama Kuluthumu alipotandika mkeka uani, akaweka ugali wa mtama na mlenda wa karanga kwenye sahani moja. Sahani ikayumba. Mabruki akaishika ukingo ili itulie, na vidole vyake vikajua kabla ya macho. Bati lilikuwa lake, pindo lilikuwa lake. Lakini upande mmoja ulikuwa umebonyea kwa ndani, kama uliopigwa na kitu kigumu, au uliopiga.

"Hii nani kaileta?"

"Kula kwanza."

"Mama Mussa, nakuuliza."

"Swaumu. Mke wa Selemani, yule dereva wa lori."

Mabruki akakunjuka uso. Selemani na Swaumu ndio aliokuwa akiwasimulia zaidi. "Hao si walipatana? Sahani yao haikurudi."

"Ilirudi. Wewe ulikuwa sokoni unaeleza jinsi isivyorudi." Kuluthumu akamega tonge, akalishika bila kulila. "Walikula sahani moja kama ulivyoagiza. Siku moja Swaumu akatangulia kuchukua nyama. Selemani akamtandika nayo hii hii. Jino likaangukia kwenye ugali. Akaja kwako hapo barazani, amejifunga kanga mdomoni. Unakumbuka ulimjibu nini?"

Mabruki alikumbuka. Kulikuwa na wateja wengi siku ile, naye alitaka wasikie. Hata hakuacha kugonga nyundo. Alimwambia, "Mwezi haujaisha, binti," na watu wakacheka, naye akaona amesema neno la hekima.

"Ulipojifunga kile kitambaa cha jino lako la uongo," Kuluthumu akaendelea, "nikamwona yeye. Aliiacha sahani kwangu, akapanda treni. Nasikia yuko huko huko Usinge ulikozika."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nani asiyependa kuwa mke wa mtu anayesifiwa? Nilinyamaza. Tena ni mimi niliyemfungia hii sahani kwenye kanga, nikamwambia nenda mwanangu, vumilia. Hilo langu, sikubebeshi. Ila sifungi tena, na nikikaa hapa watakuja wengine, wewe utafua na mimi nitafunga."

Mabruki akaupapasa tena ule ukingo uliobonyea. Akauliza kwa sauti ndogo, "Zile nyingine?"

"Zipo."

"Zipo wapi?"

"Unalala juu yake, Baba Mussa."

Akainuka, akaingia chumbani, akapiga magoti kama anayetafuta ndara. Uvunguni mwa kitanda kulikuwa na gunia. Alipolivuta likalia bati. Kuluthumu alikuwa ametia matambara katikati ya sahani na sahani, ili mume wake akijigeuza usingizini zisigongane zikamwamsha. Nyingine zilikuwa nzima. Nyingine hata yeye aliyezifua hakutaka kuzitazama mara mbili. Alikaa chini palepale, mgongo kwenye kitanda, na ugali ukapoa uani bila mtu.

Asubuhi haikuwa Alhamisi, wala hakungoja iwe. Alijitwika lile gunia, na matambara aliyaacha chumbani. Hakupita uchochoroni. Alipita katikati ya soko, sahani zinagongana mgongoni kwake kama msafara wa zamani unaoingia mjini, na watu wakageuka.

"Fundi, leo unatembeza? Bei gani?"

"Siuzi. Ni zangu, zimerudi."

"Zimerudi lini?"

"Zamani," akasema, uso unamwaka. "Zilirudi zamani, nami nikiwadanganya."

Mzee Twalibu akawakusanya wenzake alasiri ileile. Mabruki akalimwaga gunia mbele yao. Akasema jino lake halikuuma, Usinge hakukuwa na maiti, na Mussa hakuwa na la kuongeza. Kisha akatamka talaka mbele ya mashahidi, maneno yake yakitoka moja moja kama ya mtoto anayeanza chuo cha Kurani. Wasuluhishi wakaandika karatasi ya kwenda mahakamani, kwamba hawa wameshindikana. Shauri lililokula Alhamisi zote zile liliisha kabla chai ya Bi Mwanajuma haijapoa.

Kuluthumu alikwenda Itetemia na jembe lake, eda akaikalia kwa kaka yake Abasi. Mvua ya kwanza ilimkuta ameshaandikwa.

Wasuluhishi hawakumfukuza Mabruki. Yeye mwenyewe aliacha kwenda. Kile kikapu cha sahani akakitilia makaa. Katika zile sahani alibaki na moja, ile ya Swaumu, akawa anakula peke yake barazani, mbele ya kila apitaye.

Siku moja Bi Mwanajuma akasimama, akamtazama anavyohangaika nayo mkekani.

"Fundi mzima, nyundo hiyo hapo, nawe unakula kwenye sahani iliyopinda. Huinyooshi?"

"Hapana."

"Mchuzi si unakumwagikia?"

"Unamwagika upande wangu," Mabruki akasema, akainama akaendelea kula.