Kichupa cha Peres

Mwaka 1968 watu wa Kinoo walinisifu kwa unene wa mke wangu. Peres alikuwa na pumu iliyomkaba hata akashindwa kuwasha jiko. Daktari akampa vidonge vya kotisoni, na baada ya miezi mitano uso wake ukawa mviringo, mashavu tele. "Nashon, bibi unamlisha!" walisema. Nami, mpishi wa watu huko Spring Valley, nikavimba kichwa.

Bwana Mahesh, mwenye duka la dawa Hurlingham, hakucheka.

"Hiyo si kunona, ni dawa," aliniambia. "Juu ya figo iko tezi mbili ndogo. Zinachukua mafuta ya mwili, zinatengeneza kitu kama hii. Ukishtuka, ukipata homa, hiyo ndiyo inashikilia damu na sukari usianguke. Sasa mama anameza ya duka, tezi zake zimelala. Usikate ghafula, bwana. Punguza kidogo kidogo."

Niliitikia ndiyo, ndiyo, huku nikitazama kama basi linakuja.

Kisha ikafika barua kutoka kwetu Gem: magoti ya mama yangu yamekataa, hata chooni anabebwa. Kwetu dawa iliyomfaa mmoja haiachwi ioze kabatini, hupewa mwingine. Peres mwenyewe ndiye aliyesema, "Mpelekee mama. Mimi nimeshapona, si unaniona?" Nilimwona, kweli, na mashavu yake. Nikampa kichupa kizima cha vidonge Were, jirani yetu aliyekuwa akienda nyumbani.

Siku ya nne Peres akashikwa na homa, homa ya kawaida tu. Akatapika, akaishiwa nguvu, ngozi ikawa baridi. Nilimpikia uji wa wimbi. Uji! Mjinga mimi. Alikata roho ndani ya teksi kabla hatujafika hospitali. Daktari akauliza dawa zake ziko wapi, nami nikamwambia ziko Gem, kwa mama yangu.

Tulimpeleka Gem kumzika. Gari liliposimama, mtu wa kwanza kutupokea alikuwa mama yangu. Alikuja mbio, kwa miguu yake mwenyewe, akimlilia mkwewe kwa mayowe. Kichupa alikuwa amekifunga kwenye ncha ya leso.

"Peres wangu!" alilia. "Dawa yake imenisimamisha, na yeye amelala!"

Nilimshika, tukalia pamoja. Kisha nikamwomba asiiache dawa ile ghafula.